Siku Tuliyomchangia Mzungu Nyonga

Haya, Furaha na wenzako mliobaki na ndoo, mlisema niandike. Mnadai nikituma sauti kwenye grupu naongea mpaka bando linakwisha na bado sijafika hata katikati. Basi naandika. Shule niliishia darasa la tatu kule Ujiji, lakini herufi zote nazijua, na sasa hivi jicho langu moja linaona mpaka nukta. Hilo jicho ndiyo habari yenyewe, ila litakuja mwisho, msinikimbize. Mimi nikianza kusimulia lazima nianzie mlangoni.

Mshahara sitausema, mnaujua, ni huo huo wenu. Na cheo sikupata, kwa hiyo hapo nimeshaokoa kurasa mbili.

Siku ya kwanza niliingia pale hospitali saa kumi na mbili asubuhi, nimevaa viatu vya kuazima na yunifomu inayonimeza. Supavaiza akaniuliza, "Unajua kung'arisha sakafu?" Nikasema najua. Nani anasema hajui siku ya kwanza? Akanipa ile mashine ya duara yenye mpini mrefu, akaiwasha, akaondoka zake. Jamani, ile mashine ina akili ya ng'ombe dume. Mimi nikaisukuma mbele kama toroli. Kumbe haisukumwi! Ikanivuta, ikanizungusha, tukacheza ngoma mimi na yeye ukumbi mzima wa mapokezi, tukaenda kugonga mti wa plastiki, na mti ukamwangukia mzee mmoja aliyekuwa anasoma gazeti. Yule mzee akasema, "Good morning."

Aliyechomoa waya alikuwa Nomsa. Mnamkumbuka Nomsa wangu, mama wa Kizulu, mnene, akicheka unamsikia ghorofa ya pili. Hakunigombeza. Aliwasha tena, akaweka mikono yangu kwenye mpini, na mikono yake juu ya yangu. "Sisi," akaniambia, yaani dada kwa lugha yao, "usipigane naye. Ukiinua mpini kidogo, anakwenda kulia. Ukishusha kidogo, anakwenda kushoto. Basi." Na kweli. Miaka kumi na tisa nimeiendesha ile mashine kwa vidole viwili.

Yote ninayojua alinifundisha yeye. Ndoo nyekundu ni ya choo, ya buluu ni ya wodi, na ukizichanganya usiniambie mimi, mwambie Mungu. Sakafu ya tiata, chumba cha kupasulia, haifagiliwi kavu, maana vumbi linaruka na kukaa linapotaka. Unalowesha, unaanzia kona ya mbali, unarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, mkono unaandika nane, nane, nane. Na magurudumu ya kitanda, jamani, msiyasahau magurudumu. Uzi wa kushonea na nywele za watu vinajiviringisha mle kama vimetumwa. Mimi nilikuwa na kijiko changu cha chai nilichokikunja, ndicho kilichokuwa kinachokoa. Nimemwachia Furaha. Furaha, usikikorogee chai.

Lakini somo kubwa la Nomsa halimo kwenye karatasi yoyote ya mafunzo. Alinipa kwenye chumba cha kungojea, pale ndugu wa wagonjwa wanapokaa. Alisema hivi: "Ukimkuta mtu analia kwenye kiti, usimwendee na mopu. Anza viti vya upande wa pili. Piga deki polepole. Utakapomfikia atakuwa ameshafuta uso."

Sasa niwaambie nilivyochanganyikiwa na ile hospitali. Kwetu Kigoma marehemu baba Rehema alipopasuliwa ngiri, niliandikiwa orodha, nikaenda duka la dawa, nikanunua glavu, uzi, pamba, wembe, maji ya dripu, nikavipanga kwenye beseni, nikajitwika. Majirani walichanga. Wifi yangu alikaa kizingitini na daftari, kila anayekuja jina lake linaandikwa. Ulijua unalipia nini kwa sababu umekibeba mwenyewe kichwani.

Kule nilikoajiriwa, kaskazini ya mji, kwenye hospitali ya wenye nacho, hakuna aliyebeba beseni. Watu walikuja na sanduku dogo la magurudumu na kadi ya bima. Nikasema moyoni, kumbe ndiyo maana wanasema hii nchi ni tajiri. Unaonyesha kadi, unapasuliwa, unarudi nyumbani kunywa supu.

Nilimwambia Nomsa. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Ile kadi inafungua geti tu, sisi. Nyumba yenyewe ina milango mingine ndani."

Sikuelewa. Nilianza kuelewa, yaani nilianza kutoelewa vizuri zaidi, nilipokuwa napiga deki mbele ya dirisha la akaunti. Watu wanafika pale wamenyooka, wanaondoka wamepinda. Nikasikia kwamba hospitali ina bili yake, daktari mpasuaji ana yake, na daktari wa nusu kaputi naye ana yake kabisa, mbali. Nikamuuliza Nomsa, "Huyu wa nusu kaputi kaja na nani? Si kaja na mpasuaji? Fundi akija na mtu wake wa kushika ngazi, si namlipa fundi, wao wakagawane?" Nomsa akasema, "Eish, Zaituni, piga deki."

Basi ndiyo nifike kwenye ile siku. Furaha, wewe ulikuwa na kama mwaka mmoja kazini, bado unaficha ndizi kwenye kabati la mamopu.

Asubuhi niliingia wodi ya watu wanaongoja kupasuliwa, nikapiga magoti nichokoe magurudumu ya kitanda cha dirishani. Juu ya kitanda kulikuwa na mzee wa kizungu, Piet, amevalishwa lile gauni la kufungwa mgongoni, hajala tangu jana. Akachungulia chini. "Wewe mama unatafuta nini huko? Nimedondosha nyonga?"

Nikamwambia, "Bado, baba. Ikidondoka nitakuletea."

Alicheka, halafu akajikunja kwa maumivu. Akaniambia ana miezi analala kwenye kiti cha sebuleni, maana kitandani nyonga inamchoma. Leo wanamwekea ya chuma. "Unajua ninachotaka?" akasema. "Sitaki kucheza mpira. Nataka kukojoa nimesimama kama mwanaume, mke wangu asinishike." Mimi na uzee wangu ule wa hamsini na kitu niliona haya, nikarudi kwenye magurudumu.

Kama saa nne hivi nikahamia chumba cha kungojea. Kulikuwa na mama mmoja tu, mwembamba, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, faili kwenye mapaja, analia bila sauti. Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikaanza upande wa pili. Polepole. Nane, nane, nane. Nikamaliza upande ule, bado analia. Nikarudia. Bado. Viti vile vilikuwa vinang'aa mpaka vinatia aibu. Mwisho nikamfikia, sikuwa na ujanja mwingine.

Alisoma beji yangu. "Samahani, Zaituni. Niinue miguu?"

Nikamwambia, "Miguu ibaki, mama. Kuna nini?"

Sheria inasema mfagiaji haongei na ndugu wa mgonjwa. Najua. Lakini mopu ilikuwa imeshasimama.

Jina lake Marlene, mke wa Piet wa magurudumu. Kiingereza changu cha kuokoteza, chake kinatoka na mafua ya kulia, lakini tulielewana. Akasema ametoka kwenye dirisha la akaunti. Ile nyonga ya chuma, kadi inalipa mpaka mahali fulani, zaidi ya hapo wanalipa wao. Na madaktari nao wana nyongeza. Ikiwa hawajalipa mpaka saa sita, nafasi ya Piet anapewa mtu mwingine, na yule daktari anakwenda likizo ndefu ng'ambo. Piet atarudi kwenye kiti cha sebuleni kwa miezi.

"Lakini niliwapigia simu," Marlene akasema. "Niliuliza mara mbili. Walisema wanalipa asilimia mia. Mia!"

Nikamuuliza, "Mia si ni yote?"

"Mia ni yote."

"Sasa?"

"Sasa wanasema daktari anatoza mia tatu."

Tukatazamana. Nikahesabu kwa vidole nikakwama. Nikamuuliza alikuwa anafanya kazi gani, labda na yeye aliishia la tatu. Akasema benki, mpaka alipostaafu. Basi tukakaa pale, mtu wa benki na mtu wa mopu, tumekwama kwenye hesabu moja.

Nikasema, "Una watoto?"

"Wawili. Mmoja yuko Australia, mwingine Cape Town."

"Wamesemaje?"

"Kuhusu hii hawajui. Hatupendi kuwasumbua."

Nilishtuka mpaka mopu ikaanguka. Nikamwambia, "Mama, mtoto asiposumbuliwa na mzazi wake, anataka asumbuliwe na nani?" Alifungua lile faili akalifunga, akalifungua, akalifunga.

Sasa akili yangu ikafanya hivi, na hapa ndipo wengi mnasema nilikosea. Nikaona: huyu ana watoto ambao hawaambiki. Majirani hawapo. Kanisa halipo. Amekaa peke yake na faili. Kwa hiyo huyu mtu hana watu. Na kwetu mtu asiye na watu, mgonjwa wake yuko kitandani, anachangiwa. Sikufikiria gari. Sikufikiria nyumba. Rangi niliiona, mimi si kipofu, wakati ule nilikuwa bado si kipofu.

Nikaenda kabati la mamopu. Furaha alikuwa pale na ndizi yake, na Nomsa anakamua vitambaa. Nikasema, "Jamani, tuna mgonjwa. Tuchange."

Furaha akasimama hapo hapo, mkono kwenye sidiria anapowekea pesa. Huyu mtoto wa Bukavu moyo wake ni mwepesi. "Pole, Mama Rehema. Nani? Wa Burundi ule wa jikoni?"

"Hapana. Yule mama mweupe kwenye chumba cha kungojea."

Mkono ukatoka kwenye sidiria mtupu. "Ah! Mama Rehema, weye iko na kizunguzungu? Bazungu banachangiwaka? Ule mama, gari yake tu inanunua nyumba yetu yote ya Bertrams, na bale batu bote bako ndani!"

"Gari linawekwa kwenye nyonga?" nikamuuliza. "Mumewe ataingizwa gari kwenye nyonga?"

"Auze!"

"Atauza kabla ya saa sita? Wewe gari la shemeji yako limekaa barabarani na kibao cha kuuzwa mpaka kuku wametagia ndani."

Nomsa alikuwa kimya, na Nomsa akiwa kimya ni habari. Mwisho akasema, "Zaituni, mimi nimezaliwa hapa. Mama yangu alifua nguo za watu kama hawa mpaka mikono ikatoka ngozi. Hakuna hata mmoja aliyemchangia."

Nikasema, "Najua, dada."

"Hujui."

"Sawa, sijui. Lakini yule mzee hajala tangu jana, na anataka kukojoa amesimama."

Nomsa akanitazama. Halafu ule mcheko ukaanza huku chini tumboni, ukapanda, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, machozi yanamtoka. "Eish! Nitawaambia nini watu kwetu? Nimemchangia mzungu akojoe!" Akatoa noti. Kisha akasema, "Siyo kwa ajili yake. Kwa ajili yako, kwa kuwa ni mjinga."

Furaha naye akatoa, huku ananung'unika kwa Kishi cha kwao, ambacho sikijui, na nashukuru. Tukapitisha jikoni, tukapitisha kwa walinzi. Tukaweka kwenye boksi tupu la glavu. Daftari nikaandika majina, bila kiasi. Kwetu anayetoa kidogo haandikwi kwamba katoa kidogo. Ilikuwa ngapi? Ilitosha sukari na unga wa nyumba moja labda mwezi. Nyonga ya chuma? Labda misumari yake miwili.

Nikaenda. Nikampa kwa mikono miwili, goti nimekunja kidogo, kama inavyotakiwa. "Mama Marlene, hii ni kutoka kwa wafagiaji, na jikoni, na walinzi. Ya mgonjwa."

Akatazama lile boksi. "Sihitaji glavu, asante."

"Fungua."

Akafungua. Akadhani nimeokota pesa za mtu, akaniambia nipeleke mapokezi. Nikaeleza tena. Akadhani namwonyesha tunachochangiwa sisi, anatakiwa aongeze, akaanza kutafuta pochi. Nikaeleza mara ya tatu, na daftari nikamfungulia nikamwonyesha majina. Alisoma yote, moja moja, kwa kidole. Uso wake ulibadilika rangi ambazo sijui nyie mnaziitaje.

"Lakini nyie," akasema. "Nyie..."

Halafu akafunga lile boksi, akaliweka juu ya faili, akatoa simu. Nikainama kuchukua ndoo yangu niondoke, akanishika mkono nisiende. Akampigia yule wa Cape Town. Sikuelewa yote, walikuwa wanaongea Kiafrikana, lakini machozi yalimrudia, na mara tatu nilisikia anasema neno wanalotuita sisi wafagiaji. Kule upande wa pili mtu alikuwa anapiga kelele mpaka simu inatetemeka. Halafu wa Australia. Kule sijui ilikuwa saa ngapi, aliamshwa.

Saa tano na nusu, pesa za watoto zimeingia, akateremka dirishani kulipa. Saa saba Piet alipita mbele yangu kitandani, amelala chali, magurudumu hayatoi hata sauti. Akaninyooshea kidole gumba.

Siku ya tatu nikamkuta anatembea na fremu ya chuma ya kujishikizia. Akasema, "Mama wa nyonga, leo asubuhi, nimesimama!" kwa sauti, wodi nzima, na wageni wapo.

Mnadhani imeishia hapo? Marlene alirudi na bahasha, anataka kurudisha pesa zetu, na ameongeza. Nikakataa. Nikamwambia mchango haurudishwi, ukirudisha umetutukana. "Sasa nifanye nini?" akauliza, kachanganyikiwa kweli. Nikamwambia, "Jina lako linaingia kwenye daftari. Mwingine akiuguliwa, utaambiwa, utakuja." Akaandika mwenyewe, na namba ya simu, kwa mwandiko wa benki.

Mimi nikapewa barua ya onyo. Kupokea pesa kwa wagonjwa ni kosa, iliandikwa. Nikamwambia supavaiza, "Sikupokea, nilitoa." Akaisoma tena ile sheria juu mpaka chini, akakuta kutoa hakumo. Akanipa barua hivyo hivyo maana alikuwa ameshaichapa. Ninayo nyumbani.

Na yule mama alikuja. Furaha alipopasuliwa kujifungua, alikuja mtaa wa Yeoville na blanketi, akakaa kwenye saluni ya dada yake Furaha katikati ya nywele bandia, akanywa chai. Nomsa wetu alipotuacha, alikuja. Piet naye alipofariki, miaka mingi baadaye, kwa moyo, nyonga ikiwa nzima kabisa, sisi tulikwenda na boksi la glavu. Watoto wake walitushangaa. Mama yao akawaambia, "Pokeeni kwa mikono miwili."

Haya, jicho.

Mwaka wa mwisho kazini nilianza kuona ukungu. Nikadhani ni dawa ya sakafu. Nilipostaafu ukungu ukanifuata nyumbani. Kliniki wakasema mtoto wa jicho, macho yote mawili, ni kupasuliwa tu, kitu kidogo. Kitu kidogo! Ile tiata niliyoipiga deki miaka kumi na tisa, niliuliza bei ya jicho moja, nikamshukuru yule dada wa dirishani nikaondoka nimepinda, sasa ni zamu yangu. Hospitali ya serikali wanauliza unapata kiasi gani, wanakupangia cha kulipa, na mimi ilikuwa kidogo sana, karibu bure. Ila unalipa kwa kungoja. Waliandika jina, wakachukua namba ya simu, wakasema utaitwa. Mwezi, miezi, mwaka ukapita.

Rehema wangu yuko Durban, ana watoto watatu na mume wa zamu za usiku. Sikumwambia. Akipiga namwambia mzima, mzima kabisa, naangalia televisheni. Nilikuwa naisikiliza.

Furaha ndiye aliyenikamata. Alikuja kwangu Bertrams kunisalimia, akanikuta nasalimiana na koti lililotundikwa mlangoni. Nilishaliuliza habari za nyumbani, nangoja lijibu. Hakucheka, na hapo nikajua hali ni mbaya. Kumbe alikwenda akachukua daftari, akapiga simu majina yote, juu mpaka chini. Hilo daftari halichagui.

Jumanne moja asubuhi mlango ukagongwa. Nikaona kitu chembamba cheupe. Kikaingia, kikasimama mbele yangu, halafu nikasikia goti linalia ko! Yule mama, na uzee wake, alikuwa amekunja goti. Akaniwekea kitu mikononi, kwa mikono yake miwili. Nikakipapasa. Boksi la glavu.

"Kutoka kwetu sote," akasema. "Ya mgonjwa."

Nikamwambia ainuke kwanza kabla na yeye hatujamchangia goti. Tukacheka. Nikamuuliza, "Inatosha jicho?"

"Haitoshi," akasema. "Ile yenu ilitosha?"

"Haikutosha."

Akakaa. "Rehema amesemaje?"

Nikaanza kukunja kanga yangu, naikunjua, naikunja. Nikasema, "Ana mambo yake. Sipendi kumsumbua."

Kisha, kwa Kiingereza cha taratibu, kama anasoma kwenye daftari, akasema, "Mtoto asiposumbuliwa na mzazi wake, anataka asumbuliwe na nani?"

Jamani. Miaka yote hiyo alikuwa amelitunza hilo neno aje anipige nalo!

"Lete simu," akasema. Nikampa. Akavaa miwani atafute namba ya Rehema, akaganda. "Zaituni, hizi meseji hujasoma?"

"Hao ni watu wa mikopo. Wananiandikia kila siku."

"Hii siyo ya mikopo. Hii ni ya hospitali. Ina wiki mbili hapa. Umepewa tarehe ya jicho la kulia." Akaisogeza simu, akairudisha. "Ni Alhamisi hii. Keshokutwa. Usipofika wanasema unarudi mwisho wa foleni."

Nilikaa chini. Nimengoja zaidi ya mwaka, na nafasi yangu ilikuwa kwenye pindo la kanga, inalia tii tii, naizima.

Rehema alipopigiwa alinigombeza kwa Kiswahili, Kiingereza na Kizulu, sikujua mwanangu anajua matusi mengi hivyo. Jumatano jioni alikuwa kwangu. Boksi la glavu likalipa basi lake na dawa za matone, lililobaki limo, linamsubiri mwingine.

Mniulize sasa kama nimeelewa. Sijaelewa. Sijui mpaka leo mia ni ngapi. Sijui kwa nini jicho ni lile lile na kisu ni kile kile, kwingine unauziwa, kwingine unangojeshwa, na mwenye gari na mwenye ndoo wote wanaondoka dirishani wamepinda. Mwenye akili kwenye grupu anieleze, lakini polepole.

Alhamisi nilikaa kwenye kiti cha chuma, Rehema pembeni yangu. Nimesimamia tiata nyingi kuliko madaktari wengine, lakini sijawahi kuingia nimelala. Nilikuwa naogopa, jamani. Akaja msichana mmoja na mopu. Kwa ukungu wangu niliona ndoo ya buluu tu. Akaja moja kwa moja mpaka karibu yetu, akasimama, akanitazama usoni. Halafu akageuka, akaenda kuanza viti vya upande wa pili. Polepole. Mkono wake unaandika nane.

"Mama, unalia?" Rehema akauliza.

"Nipe kitambaa."

Alipotufikia nilikuwa nimeshafuta uso. Nikainua miguu yote miwili, apite.